Herufi za Diski Zibadilikapo: Somo la TEHAMA kwa Darasa la Tano na la Sita

Mwanachuo aendapo katika mazoezi ya kufundisha, mara nyingi jambo la kwanza akabidhiwalo baada ya chaki na daftari la mahudhurio ni kompyuta ya shule. Walimu wenyeji humwona ni kijana atokaye chuoni, na kwa hiyo ni mjuzi. Makala haya yanahusu tatizo moja la kompyuta hiyo. Lisipoeleweka laweza kuipotezea shule kazi ya mwaka mzima, na likieleweka huwa somo zuri kwa watoto wa madarasa ya juu. Tatizo lenyewe ni kubadilika kwa herufi za diski baada ya mfumo endeshi kuwekwa upya, kazi ambayo mafundi wetu huiita kupiga Windows. Kwa kuwa huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, tunatazamia kwamba kazi hiyo itafanyika katika ofisi nyingi za shule.

Katika shule moja ya upande wa Nanyamba tuliyoifikia kuwakagua wanachuo wetu, kompyuta ya mwalimu mkuu ilikuwa na diski moja iliyogawanywa sehemu mbili. C ilibeba mfumo. D ilibeba alama za mitihani ya mihula, orodha za wanafunzi na maandalio ya masomo. Mashine ilipozidi kuwa nzito, fundi aliitwa, akaweka mfumo upya kwa flashi. Siku ya pili mwalimu wa taaluma aliitafuta D asiione. Akachomeka flashi yake mwenyewe, D ikatokea, lakini ndani mlikuwa na nyimbo za kwaya tu. Ikasemwa kwamba fundi amefuta kila kitu. Walimu wawili walikaa siku mbili wakiandika upya alama kutoka katika karatasi za majibu, na zile karatasi zilizokwisha kurudishwa nyumbani hazikupatikana tena. Kumbe alama zote zilikuwamo katika E. Tena palikuwa na mtu aliyekwisha kushauri kwamba hiyo E isiyojulikana ifomatiwe ili ipatikane nafasi. Mwanachuo wetu ndiye aliyeomba kwanza ifunguliwe itazamwe.

Herufi hizi zimetoka wapi? Kampuni ya IBM ilipotoa kompyuta yake ndogo mwaka 1981, mashine ile ilikuwa na nafasi ya vyombo viwili vya diski laini, navyo vikaitwa A na B. Mwaka 1983 ilipotoka mashine ya XT yenye diski ngumu ya megabaiti 10, diski hiyo ilipewa herufi iliyofuata, yaani C. Diski laini zimekwisha kutoweka mezani, lakini diski kuu ingali ikiitwa C. Huku kwetu, ambako uingizaji wa kompyuta ulipigwa marufuku mwaka 1974, watu wengi walizipokea herufi hizi zikiwa zimekwisha kuwa mazoea kwingineko, nasi tukazifundisha kana kwamba ni kanuni za maumbile. Tumepata kusoma ubaoni: "A ni diski laini, C ni diski ngumu, D ni sidii." Mtoto akikariri hayo atajibu swali la mtihani, na siku D itakapokuwa flashi ya nyimbo hatakuwa na la kusema.

Lililo kweli ni kwamba herufi haikuandikwa juu ya diski. Huandikwa na mfumo endeshi katika daftari lake la ndani, liitwalo rejista. Tangu Windows 2000, mfumo hutambua kila sehemu ya diski kwa alama yake ya pekee, kisha huweka kumbukumbu rejistani kwamba yenye alama hii ni D, na yenye alama ile ni E. Ndiyo sababu siku za kawaida flashi zaweza kuchomekwa na kuchomolewa, na sehemu ya kazi isibadilike jina. Lakini rejista imo ndani ya C. Afutaye C ili aweke mfumo mpya amelifuta daftari pia. Mfumo mpya huanza na daftari tupu, ukagawa herufi kwa vile unavyoviona wakati huo. Katika shule ile flashi ya fundi ilikuwa imechomekwa, ikashika D, na sehemu ya kazi ikapewa E. Fundi alipoondoka na flashi yake, D ikabaki wazi ikingoja flashi yoyote ijayo.

Enzi za Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, mambo yaliweza kuwa mabaya zaidi: kisoma kadi kilichounganishwa kingeweza kutwaa C, na mfumo wenyewe ukajikuta katika F au G. Kuanzia Windows Vista, mfumo uwekwao kwa kuiwasha mashine kutoka katika flashi au diski ya kusakinishia hujiita C. Sehemu nyingine ndizo zihamazo. Hata hivyo, wakati wa usakinishaji wenyewe, kabla mfumo mpya haujasimama, herufi zionekanazo ni za mfumo wa muda tu. Hapo sehemu ndogo iliyohifadhiwa kwa ajili ya kuwashia mashine yaweza kuonekana kama C, na ile tuliyoizoea kuwa C ikaonekana kama D. Hapo ndipo mtu mwenye haraka hufuta sehemu asiyoikusudia. Mtoto hana haja ya kujua hilo, mwalimu anayo.

Sasa tuje kwenye ufundishaji. Kanuni ya kutoka katika lijulikanalo kwenda katika lisilojulikana yatuelekeza ghalani. Mtoto wa Nanyamba anaijua korosho. Amewaona wazazi wakipeleka magunia kwenye chama cha msingi, yakapimwa, na stakabadhi ikaandikwa, kwani utaratibu wa stakabadhi ghalani ulianza kutumika katika korosho za Mtwara mwaka 2007. Mwambie afikirie ghala lenye vyumba vinne visivyo na maandishi mlangoni. Mtunza ghala ana daftari: chumba cha pembeni ni C, cha pili ni D, na kadhalika. Mtunza ghala akaondoka na daftari lake. Akaja mwingine na daftari jipya, akaanza kuita vyumba kwa jinsi alivyovikuta, na siku hiyo lori la mgeni lilikuwa limeegeshwa ndani, akalihesabu nalo. Je, gunia limesogea? La. Lakini aliyeshika karatasi iliyoandikwa "chumba D" atafika mahali pengine. Karatasi hiyo ndiyo njia ya mkato iliyopo mezani pa kompyuta, na ndiyo programu iliyoelekezwa kuhifadhi kazi zake katika D.

Mfano huu una mpaka wake. Mtu akiingia ghalani huona magunia kwa macho, ilhali mtumiaji wa kompyuta huona kile tu ambacho daftari linamwonyesha. Usiufiche mpaka huo. Watoto wenyewe huufikia kwa maswali.

Upo mfano mwingine ulio karibu zaidi, wa mtoto atokaye jandoni na jina jipya hali daftari la mahudhurio lina jina la zamani. Ni mfano mzuri wa kuzungumza sisi kwa sisi walimu. Darasani tusiutumie, kwa kuwa wamo ambao hawajaingia, na mambo ya jandoni na unyagoni si ya kutajwa mbele yao.

Shule isiyo na umeme hainyimwi somo hili. Chukua maboksi manne ya chaki yanayofanana, uweke ndani ya kila moja kitu tofauti: kokwa za korosho, mawe, majani, karatasi za hesabu. Mwanafunzi mmoja awe mfumo, ayape maboksi herufi na kuziandika katika daftari lake, si juu ya boksi. Atoke nje na daftari. Aingie wa pili na daftari tupu, wakati huo boksi la tano, lile la "flashi", likiwa limewekwa katikati. Agawe herufi. Kisha mwite wa tatu, umwagize: "Niletee hesabu zilizo katika D." Acha akosee, na darasa lieleze kwa nini. Rudia zoezi, lakini safari hii jina la kilichomo liandikwe juu ya boksi lenyewe.

Jina hilo la mwisho ndilo lebo ya diski. Lebo huandikwa ndani ya diski, si rejistani, na kwa hiyo hubaki hata mfumo ukibadilishwa, ilmradi sehemu hiyo isifomatiwe. Katika diski za NTFS lebo yaweza kuwa na herufi hadi 32. Katika flashi za FAT mwisho ni 11, hivyo ALAMA2026 yatosha. Kabla fundi hajaanza, mwanachuo aandike katika karatasi lebo, ukubwa na yaliyomo katika kila sehemu, anakili kazi za shule katika chombo kingine, na achomoe flashi zote isipokuwa ile ya kusakinishia. Baada ya kazi, D yaweza kurudishwa kwa mwenyewe: chomoa flashi, fungua diskmgmt.msc, chagua sehemu yenye lebo ya shule, uibadilishie herufi. Herufi ya sehemu yenye mfumo isiguswe.

Somo huenda vipindi viwili vya dakika 40, cha pili kikiwa cha mashine ikiwapo. Katika kupima, tusiulize "Taja herufi ya diski ngumu." Tuulize: "Kompyuta imewekewa mfumo mpya, na D ni tupu. Utatazama nini kabla ya kusema kazi zimepotea?" Mtoto atakayejibu kwamba atafungua sehemu nyingine na kusoma lebo zake apewe alama zote, hata kama herufi moja hakuitaja.