Jua Lisilopotea: Masalia ya Imani ya Asis katika Majina ya Kiplombe

Katika Ulaya ya kale, siku fupi kabisa ya mwaka, ambayo huangukia tarehe 21 au 22 Desemba, ilikuwa siku ya mioto na dua ili jua lirejee. Kalenda ya Roma ya mwaka 354 inaitaja tarehe 25 Desemba kuwa siku ya kuzaliwa kwa Asiyeshindika, lakabu ya jua. Mwanafunzi asomaye habari hizi akiwa Kiplombe, kaskazini mwa Eldoret, hana budi kuuliza: jua lisilopotea huadhimishwaje? Kiplombe iko karibu mno na ikweta. Mchana mrefu na mchana mfupi hupishana kwa dakika chache tu. Kinachopotea huko Desemba ni mvua.

Hata hivyo, jua halikusahauliwa. A. C. Hollis, katika kitabu chake kuhusu Wanandi kilichochapishwa mwaka 1909, anaeleza jinsi wazee walivyoelekea mashariki asubuhi, wakatema mate kulielekea jua na kumwomba Asis awalindie watoto na mifugo. (Msomaji wa pwani asidhani hilo ni tusi, mate hapo ni baraka.) Kumfasiri Asis kuwa "mungu-jua" ni kurahisisha mambo. Neno moja hutaja jua na hutaja Mungu, kama Ruwa kwa Wachaga, na waliomwomba Asis hawakuona utata wowote. Neno "upagani" nalo halielezi imani hiyo, linaihukumu tu.

Isidhaniwe kwamba mila zote zilijifia zenyewe. Mwaka 1923 serikali ya kikoloni ilipiga marufuku sherehe ya Wanandi ya rika kukabidhiana madaraka, ikamkamata Barsirian arap Manyei, ambaye hakuachiliwa hadi 1964.

Masalia yaliyo hai zaidi yamo katika majina. Kipkoech alizaliwa kukipambazuka, Kipngetich ng'ombe walipotoka kwenda malishoni, Kibet mchana, Kiprono jioni, mbuzi na kondoo wakirudi zizini, Kipkemboi usiku. Dada zao ni Chepkoech, Chepngetich, Chebet, Cherono na Chepkemboi. Ukiyapanga hivyo, unapata safari nzima ya jua. Misimu pia imo: Kiprop ni wa mvua, Kipkemei wa kiangazi, yaani wa Desemba ile ile ambapo mahindi yamekwisha kuvunwa, shule zimefungwa na wavulana wako jandoni, mara nyingi siku hizi chini ya usimamizi wa makanisa.

Inasikitisha kwamba uhakiki wetu wa majina ya wahusika huishia kusema "huyu ni Mkalenjin." Katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambayo yaliiumiza sana Eldoret, jina la mtu, liwe la jamii hii au ile, lilisomwa vivyo hivyo: kabila, basi. Saa ya kuzaliwa iliyomo ndani yake haikumhusu mtu. Lakini mtoto azaliwaye leo wodini saa tisa za usiku, chini ya taa za umeme, bado huitwa Kipkemboi.