SOMO: NANI MWENYE IDHINI YA KUGEUZA SHAMBA KUWA KIWANJA? MFANO WA MOSHI

Ardhi si jambo la Muungano, na sheria za ardhi za Bara hazitumiki Visiwani. Hata hivyo, watumishi wanaosimamia ardhi, pamoja na wananchi ambao mashamba yao ya eka tatu tatu yaliyogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964 sasa yanazungukwa na nyumba, watanufaika kwa kuitazama Moshi.

Katika miteremko ya Kilimanjaro Wachaga hulima kihamba, yaani shamba la ukoo lenye migomba, kahawa na miti ya kivuli, linalonyweshwa kwa mifereji iitwayo mifongo. Kihamba hurithiwa na kugawanywa mpaka kikawa hakigawanyiki tena. Aghalabu kijana huteremka tambarare kutafuta kiwanja, na huko hukuta mashamba ya mahindi na mpunga. Mabogini, kusini ya mji, ni miongoni mwa maeneo ya mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani. Mji wenyewe ulihesabiwa watu 184,292 mwaka 2012, na nyumba hazitambui mpaka wa Manispaa.

Basi nani mwenye idhini? Hapa wengi hughafilika. Ndani ya eneo la mipango miji ni Manispaa: Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 inakataza kuendeleza ardhi bila ya kibali cha mamlaka ya upangaji. Katika ardhi ya kijiji, Sheria Na. 5 ya 1999 imeipa Halmashauri ya Kijiji usimamizi, wala haiwezi kumgawia mtu ardhi kabla ya mkutano mkuu wa kijiji kuridhia.

Ugumu hutokea mpakani. Mwenye shamba huuza robo eka. Kiongozi wa mtaa hushuhudia na kupiga muhuri. Mnunuzi huchimba msingi. Muhuri ule huthibitisha mauziano tu, wala haugeuzi matumizi ya ardhi. Afisa wa ardhi akifika akakuta paa, hubakiwa na kubomoa au kurasimisha, na yote mawili ni ghali. Tena mfereji ukifukiwa na msingi mmoja, mashamba ya chini yake hukosa maji, ilhali wenyewe hawakuuza kitu.

Wanaopokea maombi ya namna hii katika wilaya zetu wazingatie wakati wa ukaguzi: shamba na njia zake za maji zikaguliwe kabla ya mauziano kushuhudiwa.