Senene, Sheha na Kitanda cha Miembeni: Jinsi ya Kulala kwa Bei Nafuu Wakati wa ZIFF

Binamu yangu wa Kamachumu alinipigia simu juzi, sauti imeisha nguvu. Anataka kwenda Zanzibar kwenye tamasha la filamu, ZIFF. Ametafuta vyumba mtandaoni, amekuta dola hamsini, sitini, themanini kwa usiku mmoja, basi ameamua atabaki zake Muleba. Nilimwambia aachane na mtandao, ampigie shangazi. Hakunielewa. Na kwa kuwa si yeye peke yake anayeniuliza (tangu Amil Shivji atoe Vuta N'kuvute mwaka 2021, kutoka riwaya ya Shafi Adam Shafi tuliyokaririshwa sekondari, nusu ya rafiki zangu wa Bukoba wamekuwa wapenzi wa sinema), naandika yote hapa mara moja. Ni hatua tatu tu.

Hatua ya kwanza: uwe na mtu wa kukusemea kabla hujaweka begi chini.

Hapa itabidi nieleze yaliyonipata. Mara yangu ya kwanza kwenda ZIFF nilifuata utaratibu wote. Nilitafuta gesti ndani ya Mji Mkongwe, nikapiga simu, tukakubaliana shilingi elfu hamsini kwa usiku, nikatuma nusu ya hela kwa simu na ujumbe wa muamala nikautunza. Safari ya basi kutoka Bukoba hadi Dar es Salaam siwachoshi nayo, mnaijua: unaondoka hujaamka vizuri, unapita Muleba, Biharamulo, Kahama, Singida, Dodoma, Morogoro, na ukishuka viatu havikuingii. Dar nikapanda boti, safari ya kama saa mbili, nikashuka bandarini Malindi na begi moja na ndoo moja yenye mfuniko. Ndoo hiyo tutaifikia.

Gesti sitaitaja jina. Kijana wa mapokezi aliutazama ujumbe wangu wa muamala, akautazama tena, akasema, "Dada yangu, samahani, chumba kimeshachukuliwa. Kuna wageni wamelipia wiki nzima." Wageni wenyewe walikuwa pale pale kwenye kochi, Wazungu wawili na kamera zao, wanakunywa maji, hawana habari na msiba wangu. Na hela yangu? Bosi hayupo. Anarudi lini? Kasafiri, yuko Dubai. Kuna chumba kingine? Kipo, dola arobaini na tano.

Dola! Mimi mtoto wa Nshamba, kitambulisho cha NIDA mkononi, natajiwa dola ndani ya nchi yangu. Siku hizi una pa kushikia: tangu Machi 2025 kuna kanuni zinazokataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni hapa nchini, kwa hiyo ukitajiwa dola, uliza kwa upole ni shilingi ngapi, kisha uliza bei ya Mtanzania. Hoteli nyingi za Unguja zina bei mbili, ya wageni wa nje na ya wenyeji, ila ya wenyeji hawaitaji mpaka uulize. Mimi wakati ule sikuwa na kanuni. Nilikuwa na hasira, na mlangoni papasi wanne, wale madalali wa mitaani, kila mmoja anajua chumba kizuri, "karibu tu, sista, hapo hapo."

Kuhusu papasi niseme moja. Sina chuki nao, wanatafuta riziki. Lakini kamisheni ya papasi inatoka mfukoni mwako, si mwa mwenye hoteli. Ukiingia mapokezi mmefuatana, bei imeshapanda kabla hujatoa salamu. Kama ni lazima uzunguke mwenyewe, zunguka saa nne asubuhi, muda ambao watu wanaondoka vyumbani, na begi uliache mahali. Mtu mwenye begi mgongoni saa kumi na mbili jioni, mchovu, hana hoja.

Sasa ile ndoo. Shangazi alinibebesha kwa nguvu. Ndani yake mlikuwa na senene wa msimu wa Aprili na Mei, wamekaangwa mpaka wakakauka, na juu yao vifurushi vya kahawa ya kutafuna, zile buni zetu zinazochumwa mbichi, zikachemshwa na majani yake ya harufu, zikaanikwa. Mzigo haukuwa wangu. Ulikuwa wa mwalimu mmoja, mtoto wa jirani yake shangazi, anayefundisha shule binafsi Unguja na hajaonja senene tangu avuke maji. Nilipanga kumpelekea siku yoyote nikipata nafasi. Basi, nikiwa nimesimama nje ya Ngome Kongwe, jua linaelekea Forodhani, nikampigia. Nikamwambia nina mzigo wako kutoka Nshamba. Hakuniuliza mimi nani. Aliuliza, "Senene?"

Hata nusu saa haikupita, kashafika na bodaboda.

Alipojua sina pa kulala, hata gesti hakuitaja. Alinivusha Barabara ya Mkapa tukaingia Ng'ambo, mpaka Miembeni. Mimi Bukoba nakaa Miembeni. Kumbe na Unguja wana Miembeni yao, jirani na Kikwajuni. Tukafika kwenye nyumba moja yenye baraza ya saruji, nyumba ya mama mtu mzima, Bi Mkubwa, ambaye watoto wake wengine wako Dar na mmoja Maskati, vyumba vimebaki na vitanda vitupu. Mwalimu anamfundisha mjukuu wake twisheni ya hesabu. Hodi, karibu, shikamoo, marahaba, habari za huko, njema, za kwenu. Ndipo mwalimu akasema maneno ambayo kwangu ndiyo somo lote la makala haya: "Bi Mkubwa, huyu ni ndugu yangu. Nawajua kwao."

Saa moja kabla hakuwa ananijua kabisa. Lakini kwetu anakujua, hakudanganya. Bi Mkubwa akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndoo, akasema elfu kumi na tano kwa siku, chai ya asubuhi ndani yake, na nisirudi usiku wa manane bila kusema niko wapi.

Elfu kumi na tano, wiki ile ile, mji ule ule, dakika ishirini kwa miguu kutoka kwenye skrini ya tamasha. Tangu siku hiyo nashikilia hivi: wiki ya tamasha hulipii kitanda, unalipia ugeni. Kitanda cha dola arobaini na tano na kile cha Miembeni vyote ni vya futi nne kwa sita, vyote vina neti, na feni ya Bi Mkubwa ilikuwa inazunguka vizuri zaidi. Ukipata mtu wa kusema "nawajua kwao," bei inashuka yenyewe, hata kubembeleza huhitaji.

Namna ya kumpata huyo mtu ndiyo watu wanaikosea. Wanapiga simu kwa ndugu wanauliza, "Nikifika huko nitafikia kwa nani?" Ndugu anasikia: nataka kulala bure, kula bure, na kupelekwa ufukweni Jumapili. Simu inaanza kukatika katika. Uliza hivi: "Nani huko anapokea mtu wa siku chache, nilipe?" Neno "nilipe" litoke mapema. Na usianzie Zanzibar, anzia kijijini. Sisi Wahaya kila mji tunaohamia tunaunda chama cha kufa na kuzikana, na katibu wa chama ana namba za watu wote, maana msiba haubishi hodi. Shangazi anamjua mama wa kwaya, mama wa kwaya ana mdogo wake anayemjua katibu. Huo mnyororo unakwenda polepole, kwa hiyo uanze mapema, na uangalie tarehe kwanza, maana tamasha halina tarehe moja: kwa miaka mingi lilikuwa Julai, limekuwa Juni, limewahi kusogea hadi Agosti. Likiangukia Julai au Agosti linagongana na likizo za Ulaya, hapo ndipo hata stoo inakodishwa.

Na usiende mikono mitupu. Usiku ule ule mwalimu alifungua ndoo barazani ili agawe. Mfuniko ulipotoka, ile harufu ya mafuta, kitunguu na chumvi ikajaa, na wajukuu wakasogea. Kisha wakaona miguu. Mmoja akakimbia. Bi Mkubwa akavaa miwani, akachukua senene mmoja kwa vidole viwili, akamgeuza huku na huku mwangani, akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Huyu ni halali?" Mwalimu ni Mlutheri, akanitazama mimi, mimi Mkatoliki, nikamtazama yeye. Nikamwambia Bi Mkubwa kwamba Waislamu wa Bukoba wanawala, tena ndio wauzaji wakubwa sokoni kwetu. Haikutosha. Akatumwa mjukuu kwa ustadhi wa madrasa nyumba ya tatu. Tukasubiri, senene yuko mezani kwenye kisahani peke yake. Jibu likarudi: nzige ni halali, na huyu ni wa ukoo huo huo, mradi ni msafi. Bi Mkubwa akasema bismillahi, akatafuna taratibu, akanyamaza. Halafu akaomba chumvi. Baadaye nilimweleza kwamba zamani Uhayani wanawake ndio waliowaokota na kuwanyonyoa senene, ila kula walikatazwa, wanakula waume. Akasema, "Basi leo nawalia nyinyi deni lenu," akajaza kiganja.

Wazee wa barazani waliishughulikia kahawa. Wao kahawa ni ya kunywa, ndogo, chungu, saa kumi na moja jioni. Kuitafuna walidhani nawatania. Mzee mmoja aliiweka shavuni akakaa nayo hadi isha, na kesho yake akaja kuuliza kama imebaki.

Asubuhi ilibidi twende kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa. Msipuuze hili. Ukilala kwenye nyumba ya mtu Unguja, mwenyeji wako ana wajibu wa kumwarifu sheha wa shehia kwamba ana mgeni. Beba kitambulisho, vaa kiheshima, sema unatoka wapi na utaondoka lini. Dakika chache tu, lakini zinamlinda mwenyeji wako, na mtaani hakuna tena wa kukuuliza wewe ni nani.

Hatua ya pili: lala Ng'ambo. Miembeni, Kikwajuni, Kisiwandui, Michenzani kwenye yale maghorofa marefu yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, popote pale. Mji Mkongwe uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na tangu hapo kila nyumba yenye mlango wa kuchonga inataka kuwa hoteli. Ni pazuri, nendeni mkapige picha. Kulala mlale na watu. Usiku filamu zikiisha, rudini kwa kundi kupitia Mnazi Mmoja. Mimi nilikuwa nafuatana na vijana wa Kikwajuni waliokaa nyuma yangu, na Bi Mkubwa hakulala hata siku moja kabla hajasikia komeo.

Hatua ya tatu ilikuwa ihusu chakula, kwa sababu unachookoa kwenye chumba unaweza kukimaliza Forodhani kwa jioni moja. Wale wauza pweza na kamba pale bustanini wana macho: wanakupimia bei kwa viatu. Niliulizwa kama natoka Uganda, kisha nikatajiwa bei ya Uganda. Urojo wa Ng'ambo, na bajia zake na kachori zake, unashibisha kwa hela ndogo, na muuzaji hajali viatu vyako. Ila ukweli ni kwamba siku nyingi sikula jioni, kwa sababu sikutaka kupoteza kiti changu cha filamu. Ngome Kongwe usiku ni kitu kingine. Waarabu wa Oman waliijenga mwishoni mwa karne ya 17 kujilinda dhidi ya Wareno, na sasa tumekaa ndani yake kwenye ngazi za mawe, nyota juu, skrini mbele, na watu wa Unguja wanaijibu filamu kwa sauti: "Usimfungulie huyo!" "Mwongo!" Mimi niliyekulia kwenye vibanda umiza vya Muleba, nilijiona niko nyumbani. Tamasha hili lilianzishwa 1997 na kufanyika mara ya kwanza 1998, na jina lake la kifahari ni Tamasha la Nchi za Jahazi. Sisi wa ziwani tuna mitumbwi, lakini tukajibana humo humo.

Hela yangu ya gesti haijarudi mpaka leo. Bosi nadhani bado yuko Dubai.

Binamu yangu ameshampigia shangazi, na shangazi ameshaanza kukaanga. Wengine anzeni kwenu: kwa mama wa kwaya, kwa katibu, kwa jirani mwenye mtoto aliyevuka maji. Namba ya Bi Mkubwa msiniombe. Vyumba vyake vyote viwili vimeshachukuliwa na watu wa Muleba.