Mazao Yabadilikapo: Mutuini na Bara Hindi

Mkulima hubadili mazao yake kwa sababu nyingi, lakini iliyo kubwa ni mnunuzi. Jambo hili laonekana wazi Mutuini, upande wa magharibi wa Nairobi.

Zamani Wakikuyu wa nchi hiyo walilima mtama, viazi vitamu, viazi vikuu na njahi. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, mji mpya ulitaka chakula na makaa. Mahindi yakaenea, miwati nayo ikapandwa, kwa kuwa maganda yake yalinunuliwa kwa kazi ya kutengeneza ngozi, na mti wenyewe ukachomwa makaa. Baadaye Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliwafungulia Waafrika wengi kilimo cha kahawa, walichozuiwa kwa miaka mingi, na mibuni ikaenea Kiambu. (Dagoretti, pamoja na Mutuini, ilikuwa sehemu ya wilaya hiyo mpaka mipaka ya Nairobi ilipopanuliwa mwaka 1963.) Lakini Julai 1989 mapatano ya mataifa juu ya mgawo wa kahawa yalivunjika, bei ikaanguka. Mbuni hukaa miaka mitatu au zaidi kabla ya kuzaa vema; haukimbizani na bei.

Siku hizi Mutuini mboga na majani ya ng'ombe wa maziwa ndiyo yafaayo katika kishamba kidogo. Hata hivyo, baba agawapo ardhi kwa wanawe, kila mmoja hupata kipande kisichotosha, na chumba cha kupangisha hakingoji mvua. Sheria ya Nairobi ya mwaka 2015 inatambua kilimo ndani ya mji. Lakini sheria haiongezi upana wa shamba.

Huko Punjab, katika Bara Hindi, shida ni ya namna nyingine. Tangu miaka ya 1960 wakulima waliacha nafaka ndogo na kunde, wakashika ngano na mpunga, kwa sababu Serikali huyanunua mazao hayo kwa bei iliyotangazwa. Faida ilikuwa kweli. Lakini mpunga hunywa maji mengi, na visima vimezidi kwenda chini. Mwaka 2009 ilitungwa sheria ya kukataza kupandikiza mpunga mapema, kabla ya siku iliyowekwa mwezi wa Juni, ili jua kali lisimalize maji. Wakulima wengi hawauachi mpunga hata hivyo. Nani atanunua kunde zao kwa bei ya uhakika?

Mkulima wa Mutuini hana bei iliyotangazwa, wala hafungwi na zao moja. Uhuru huo ni mdogo, lakini wafaa kutumiwa. Sukuma wiki na kabichi ni jamii moja, na wadudu na magonjwa yao ni yale yale. Zikiisha kuvunwa, tuta hilo lipandwe maharagwe, kisha vitunguu, likiisha kutiwa samadi iliyooza vema. Kabichi irudi hapo baada ya misimu kadhaa.