Huduma Mbili, Poti Moja: Somo la Usiku wa Kuamkia Kuwasilisha Mradi

Wanachuo wenzangu, hasa mlio mwaka wa mwisho, someni hili kabla umeme haujakatika.

Mradi wetu ulikuwa mfumo wa kuazima vifaa vya maabara. Tulikuwa wanne, na tuliuweka kwenye kompyuta moja kuukuu yenye Ubuntu tuliyoifanya seva. Mwenzetu mmoja alishughulikia Nginx, yaani programu inayopokea maombi kutoka kwenye vivinjari na kuyapeleka kwenye mfumo. Mambo yalikwenda vizuri wiki nzima na zaidi. Jioni ya kuamkia siku ya kuwasilisha, umeme ukakatika. Uliporudi tukaiwasha seva, tukafungua kivinjari, na badala ya ukurasa wetu tukakuta ukurasa mgeni kabisa ulioandikwa "It works!", yaani inafanya kazi. Jamani! Inafanya kazi ya nani?

Tukaandika `systemctl --failed`, amri inayoorodhesha huduma zilizoshindwa. Nginx ilikuwemo. Macho yote yakamgeukia mwenzetu. Mimi ndiye niliyepaza sauti: "Si nilikwambia jana usiguse mipangilio? Haya sasa, ona!" Akasema hajagusa kitu. Sikumwamini. Tukapoteza saa nzima tukikagua mafaili yake mstari kwa mstari, ilhali `nginx -t`, amri inayokagua mipangilio hiyo, ilikuwa inatuambia kila mara kwamba yako sawa.

Hapa ndipo somo linapoanza. Kompyuta moja huwa na huduma nyingi, na ili ujumbe ufike kwa mhusika, kila huduma husikiliza kwenye namba yake iitwayo poti. Namba hizo zinaishia 65535. Wavuti wa kawaida hutumia 80, wavuti uliofichwa kwa usimbaji hutumia 443, DNS hutumia 53, na MySQL hutumia 3306. Huduma inapoanza huiomba kerneli iikabidhi poti inayoitaka. Kwa kawaida anayeomba kwanza hupewa, na wa pili hukataliwa. Ni kama kiti cha daladala: kerneli haiulizi nani ana haki zaidi, inaangalia nani kawahi.

Tulipochoka kubishana, tukasoma logi. Tungeanza nayo.

`journalctl -b -u nginx`

Hiyo `-b` inaleta yaliyoandikwa tangu seva iwake mara ya mwisho tu. Tukakuta mstari huu umejirudia mara 5:

`bind() to 0.0.0.0:80 failed (98: Address already in use)`

Maana yake ni kwamba poti 80 tayari ina mwenyewe. Nginx hujaribu mara 5, ikipumzika nusu sekunde kila inapokataliwa, kisha hukata tamaa. Kumbe Nginx haikuwa na kosa. Iliyopiga kelele ndiyo iliyonyang'anywa kiti, na iliyokikalia ilianza kimya kimya bila kuandika kosa lolote. Ndiyo maana orodha ya huduma zilizoshindwa peke yake inapotosha: haimtaji aliyeshinda.

Ili kumjua aliyekalia poti, andika:

`sudo ss -ltnp 'sport = :80'`

Usisahau `sudo`, maana bila hiyo utaiona poti lakini jina la programu ya mtumiaji mwingine halitaonekana. Kwetu jina lilikuwa `apache2`. Tukatazamana. Nani kaweka Apache hapa?

Ubuntu huandika vinavyowekwa kwa apt katika faili `/var/log/apt/history.log`. Nikalifungua mwenyewe, nikiwa bado na uhakika kwamba nitaliona jina la mwenzetu. Nikakuta amri `apt install php`, siku nane nyuma, na jina la aliyeiomba. Lilikuwa langu.

Nilikuwa nimetaka PHP kwa ajili ya skripti moja ndogo ya kupanga data. Nisichokijua ni kwamba kifurushi kiitwacho `php` huweza kuja na Apache mgongoni, na kwa matumizi yangu `php-cli` ingetosha. Siku ile Apache ilijaribu kuanza ikakuta Nginx imeshakaa kwenye poti 80, ikashindwa. Onyo lilipita kwenye skrini, mimi nikaangalia kama PHP ipo, basi. Lakini Apache ilikuwa imeshaandikishwa kuanza kila seva inapowaka. Kompyuta inapowaka, systemd huanzisha huduma nyingi kwa pamoja, na kati ya Nginx na Apache hakuna iliyoagizwa kumsubiri mwenzake. Zikakimbizana, na safari hii Apache ikawahi. Kosa lilikaa siku nane likisubiri umeme ukatike.

Sasa tiba. Usikimbilie `kill`, wala `systemctl stop` peke yake. Zote mbili zitaiachia poti leo, na seva ikiwaka tena ugomvi utarudi. Wala usiridhike na kupanga nani aanze kwanza, maana hapo umechagua tu nani ashindwe. Amua kama huduma zote mbili zinahitajika. Kama moja haihitajiki, kama kwetu:

`sudo systemctl disable --now apache2`
`sudo systemctl start nginx`

Amri ya kwanza inaizima Apache sasa hivi na kuifuta kwenye orodha ya zinazoanza zenyewe. Kama zote zinahitajika, ihamishe moja. Kwa Apache, badilisha `Listen 80` kuwa `Listen 8080` ndani ya `/etc/apache2/ports.conf`, na namba hiyo hiyo kwenye faili la tovuti husika.

Njia hii haiishii kwenye wavuti. Anayeweka dnsmasq kwenye Ubuntu mara nyingi hugongana na systemd-resolved, ambayo imekalia poti 53 kwenye anwani 127.0.0.53. Maswali ni yale yale: nani kakataliwa, nani kakalia, nani kamwagiza aanze? Ila DNS hutumia pia UDP, kwa hiyo tumia `ss -lunp` vilevile.

Saa sita usiku ukurasa wetu ulirudi. Wawili wakataka kwenda kulala. Mwenzetu niliyemlaumu akakataa, akaandika `sudo reboot`, tukasubiri pale tumeshika roho mkononi. Seva ikawaka, mfumo ukafunguka. Alikuwa sahihi: tiba ya ugonjwa wa kuwaka huthibitishwa kwa kuwasha upya, si vinginevyo.

Nilimwomba radhi mbele ya wenzetu, kwa sababu nilimlaumu mbele yao. Akacheka, akasema asubuhi chai ni juu yangu. Nikalipa, na chapati juu.

Wewe mwenye seva ya mradi, usingoje umeme ukufanyie mtihani. Izime leo kwa makusudi ukiwa na muda wa kutosha, iwashe, kisha andika `systemctl --failed`. Na ukiona jina la huduma ya mwenzako kwenye orodha, soma logi kwanza ndipo ufungue mdomo.