Kompyuta Moja, Kazi Mbili: Kutenga Nafasi ya Kurekodi Nyimbo

Vikundi vingi tunavyovitembelea vina kompyuta moja tu. Asubuhi mweka hazina anaandika mikopo, mchana katibu anapiga barua, jioni vijana wanarekodi nyimbo. Hakuna ubaya. Shida inaanza pale kila kitu kinapowekwa mahali pamoja.

Tuliyaona haya kwa kikundi kimoja cha akina mama. Walikuwa wamemrekodi nyanya mmoja akiimba nyimbo za kupalilia na za kubembeleza watoto, kazi ya wiki tatu. Kisha kompyuta ikakataa kuwaka. Wakaita fundi, naye akafuta diski yote na kuweka Windows upya, mambo kwisha. Hesabu za mikopo zilikuwa kwenye vitabu, zikaandikwa tena. Lakini nyanya alikuwa amekwisha kuzikwa. Sisi ndio tuliowafundisha kurekodi na hatukuwaambia wagawanye diski, kwa hivyo lawama nyingine ni yetu.

Kugawanya diski ni nini? Diski ndiyo ghala ya kompyuta, inayoweka kila kitu hata stima ikizimwa. Ghala hiyo yaweza kupigwa ukuta iwe na vyumba viwili au vitatu. Windows inakaa chumba cha kwanza, kile mnachokiona kimeandikwa C. Nyimbo zinakaa chumba kingine, tuseme D. Siku Windows ikiharibika, fundi anafuta C peke yake. Mwambieni kabla hajaanza, tena mtu asimame pale pale, kwa sababu fundi mwenye haraka hufuta vyumba vyote.

Kwa maoni yetu, vikundi vingi vingeweza kuishia hapo. Wale wanaorekodi kwa bidii, wenye maikrofoni nne au nane, ndio wanaohitaji jambo la pili: mfumo endeshi wa pili. Mfumo endeshi ni ile programu kuu inayowaka kwanza na kusimamia programu nyingine zote. Windows ni mmoja, Linux ni mwingine. Kompyuta moja inaweza kuwa na yote miwili, kila mmoja chumbani mwake. Ukiwasha, inakuuliza unataka upi.

Faida yake ni hii. Wakati wa kurekodi, kompyuta hupokea sauti kwa vipande vidogo sana, kila kimoja pengine chini ya milisekunde 3. Wakati huo huo programu ya kuzuia virusi ikiamka, au Windows ikianza kujisasisha, kipande kinapotea na mnasikia "tik" katikati ya wimbo. Mfumo wa kurekodi usiwekewe barua, michezo wala intaneti. Windows ya pili inahitaji leseni yake, na leseni ni pesa. Ubuntu Studio, aina ya Linux iliyotolewa kwanza mwaka 2007, ni bure na huja na Ardour, programu ya kurekodi. Ijaribuni kwanza kutoka kwenye flashi, bila kuandika chochote kwenye diski, mwone kama inatambua kifaa chenu cha maikrofoni. Isipokitambua, msiendelee.

Sasa vipimo. Maikrofoni moja, kwa kiwango kizuri cha kurekodi (biti 24, sampuli 48,000 kwa sekunde), hula karibu megabaiti 9 kila dakika. Maikrofoni nane kwa saa nzima ni gigabaiti 4 hivi. Tuseme diski yenu ni ya gigabaiti 256, ambayo Windows huionyesha kama 238. Wapeni Windows 100, Linux 40, na zote zinazobaki ziwe za nyimbo. Hapo mna zaidi ya saa 20 za maikrofoni nane. Chumba cha nyimbo kiwe cha aina ya NTFS, maana mifumo yote miwili inaisoma.

Kabla ya kugusa chochote, nakilini kila kitu kwenye diski ya nje. Kama ni kompyuta ya mezani isiyo na betri, msifanye kazi hii bila kifaa cha kushikilia stima. Stima ikipotea wakati kuta zinasogezwa, mnaweza kupoteza yote. Kompyuta nyingi za siku hizi zina kufuli iitwayo BitLocker. Tafuteni ufunguo wake wa tarakimu 48, muuandike kwenye daftari la kikundi, sio kwenye simu ya mtu mmoja. Ndani ya Windows kuna Disk Management, hiyo ndiyo inayopunguza chumba cha C. Zimeni pia Fast Startup, kwa sababu nayo Windows haizimiki kabisa, inasinzia tu, na Linux inaweza kukataa kuandika kwenye chumba cha nyimbo.

Wengine hudhani ukuta huongeza kasi. Hauongezi, diski ni ile ile. Wala si akiba: nyumba ikiungua, vyumba vyote vinaungua. Diski yenyewe ikifa au kompyuta ikiibwa, C na D zinakwenda pamoja. Nakala ya nyimbo ikae kwenye diski ya nje, nyumbani kwa mtu mwingine.

Kuna jambo moja ambalo fundi hawezi kuwapangia. Mifumo hii haiwaki yote kwa pamoja: vijana wakirekodi, mweka hazina anangoja. Tumesikia ugomvi juu ya hilo. Basi katika mkutano ujao jadilianeni: kompyuta ni ya nani siku gani? Nani atatunza diski ya nje, na nani atamkumbusha? Na kati ya wazee wenu, ni nani ambaye nyimbo zake hazijarekodiwa bado?