Kani ya Mvutano na Safari ya Binadamu Kwenda Mirihi

Kila gimba la angani, liwe nyota, sayari au mwezi, huvuta vitu vilivyo karibu nalo kuelekea kitovu chake. Nguvu hiyo, ambayo wanafizikia huiita kani ya mvutano, hutegemea tungamo la gimba, yaani kiasi cha maada kilichomo ndani yake, pamoja na umbali uliopo kati ya kitovu hicho na kitu kinachovutwa. Ndiyo maana uzito wa kitu hubadilika kulingana na mahali kilipo: mfuko wa saruji wa kilo 50 ungemwelemea mbebaji aliye Mwezini kama mzigo wa kilo 8 hivi wa hapa duniani, na aliye katika sayari ya Mirihi kama mzigo wa kilo 19.

Tungamo lenyewe, hata hivyo, halibadiliki, na hapo ndipo wengi hukosea. Mzigo uliokuwa mwepesi kuinuliwa Mwezini bado ni mgumu kusimamishwa ukishashika kasi, na mwili wa mwanaanga nao ni vivyo hivyo. Mnamo Aprili 1972, Charles Duke wa msafara wa Apollo 16 aliruka juu akiwa Mwezini, akapoteza mizani na kuanguka chali juu ya mkoba uliobeba hewa yake ya kupumulia. Mkoba haukuharibika, lakini ungepasuka, uhai wake ungekuwa hatarini.

Athari kubwa zaidi hutokea ndani ya mwili. Katika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, kinachoizunguka Dunia kwenye kimo cha kilomita 400 hivi, mvutano wa Dunia bado ni karibu asilimia 90 ya ule wa ardhini. Wanaanga huelea kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja bila kukoma huku wakiizunguka Dunia. Kwa kuwa miguu haibebi tena uzito wowote, misuli husinyaa, na mifupa ya nyonga, isipofanyishwa kazi, hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya madini yake kwa mwezi, wakati majimaji ya mwili hupanda kichwani na kwa baadhi yao hudhoofisha uwezo wa kuona. Dawa iliyopo ni jasho: takriban saa mbili za mazoezi kila siku, mkimbiaji akiwa amefungwa mikanda inayomvuta chini.

Safari ya kwenda Mirihi huchukua kati ya miezi sita na tisa, na mwishoni mwake hakuna kikosi cha kuwapokea wasafiri na kuwashika mkono, kama ilivyo kwa wanaorejea duniani. Watatakiwa kusimama wenyewe, kuvaa mavazi mazito na kuanza kazi katika mvutano ulio asilimia 38 ya ule wa Dunia.

Kutua kwenyewe ni mtihani mwingine. Mvutano wa Mirihi unatosha kukivuta chombo kwa kasi ya kukivunja, ilhali angahewa yake, ambayo mgandamizo wake haufiki asilimia 1 ya ule wa Dunia, ni nyembamba mno kwa parachuti kufanya kazi hiyo peke yake. Gari la utafiti la Perseverance, lenye uzito wa zaidi ya tani moja, lilitua Februari 2021 kwa msaada wa ngao ya joto, kisha parachuti, kisha roketi zilizoliteremsha kwa kamba. Chombo cha kubeba watu na mahitaji yao kitakuwa kizito mara nyingi zaidi, na njia ya kukitua bado haijawahi kujaribiwa huko. Kuondoka nako kunadai kasi ya kilomita 5 kwa sekunde, ambayo ni zaidi ya maradufu ya ile inayohitajika Mwezini.

Swali zito kuliko yote ni kama asilimia 38 inatosha kuulinda mwili kwa miaka miwili au mitatu. Sayansi inaufahamu vyema mwili ulio ardhini na ule unaoelea, lakini kuhusu hali iliyo kati ya hizo mbili ushahidi ni haba mno: watu waliowahi kutembea juu ya gimba jingine ni 12 tu, na waliokaa muda mrefu kuliko wote, Eugene Cernan na Harrison Schmitt wa Apollo 17, walikaa huko kwa saa 75 hivi, mwezi Desemba 1972.